Rimoti Mbili za Ujerumani

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa mkimbiaji. Hakuwa wa wale ambao redio hutaja majina yao. Alikuwa wa wale wanaokwenda Ulaya miezi mitatu, wanakimbia kila wikendi katika miji ambayo sisi hatukuweza hata kuitamka, wanashika nafasi ya nne au ya tisa, halafu wanarudi nyumbani wamekonda na begi limenona. Mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, alirudi mwezi wa Novemba, na ndani ya begi, katikati ya soksi, alikuwa ameficha mashine ya gemu ya kuunganisha kwa televisheni. Alisema aliinunua Ujerumani kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza vitu vya watoto wake mbele ya nyumba. Ilikuwa ya kijivu, bapa, kubwa kiasi cha Biblia ya kanisani. Ilikuja na kaseti moja ya mashindano ya magari, kijitabu cha maelezo cha Kijerumani ambacho hakikumsaidia mtu yeyote, na rimoti mbili zisizo na waya.

Hizo rimoti ndizo zilizonitesa. Watoto wachache wa mjini Kericho waliokuwa na mashine kama hizo walicheza kwa vidude vyenye waya, na waya ni kitu cha kuaminika, unaona umetoka wapi na unaingia wapi. Zetu zilikuwa na kisanduku cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni, kilichochomekwa kwenye mashine kwa kiwaya. Mbele kilikuwa na kioo chekundu cha giza. Mjomba alikiita jicho. Ukibonyeza rimoti ukiwa umekaa kule kwenye kiti, jicho linapokea, na gari linakwenda. Hayo ndiyo maelezo yote tuliyopewa, na kwa mtu aliyekulia Ulaya pengine yangetosha.

Ni lazima niseme kwa nini mchezo wa watoto ulinitia wazimu kiasi kile. Kaka yangu alikuwa amemaliza mtihani wa darasa la nane wiki hiyo hiyo. Kwetu sisi Wakipsigis hiyo ilimaanisha kwamba likizo ya Desemba ataingia jandoni na wenzake wa rika. Wangekaa kwenye menjo, nyumba yao ya mafichoni kando ya msitu, mwezi mzima, wakifunzwa mambo ambayo mimi siyajui na sitajifanya kuyajua. Wakitoka huko ni wanaume. Mwanaume hali chakula akiwa amechuchumaa kando ya moto wa mama yake. Hagombani na dada yake juu ya nani atakunywa maziwa ya mwisho kwenye kibuyu. Na hachezi na watoto. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Tulikuwa wawili tu nyumbani, na kila mchezo nilioujua nilifunzwa na yeye, kisha nikashindwa na yeye, kisha nikalia. Nilitaka jambo moja tu: nishindane naye magari, raundi zote mpaka mwisho, mara moja, kabla hajaondoka.

Mjomba mwenyewe alilisema wazi ile Jumapili aliyoileta. "Hii ni yenu wawili," alimwambia kaka, "lakini wewe cheza haraka. Ukitoka huko, hii itakuwa ya huyu peke yake."

Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo kidogo ya Kapkatet, karibu na nguzo za stima zilizokuwa zikienda kiwandani, kwa hiyo sisi tulikuwa na bahati ya balbu mbili na soketi moja sebuleni. Televisheni ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, ndani ya kabati lake la mbao lenye milango. Mjomba aliunganisha waya pale pa antena, akazungusha kifundo polepole, na baada ya theluji nyingi kwenye kioo magari mawili yakatokea, moja jeupe na moja jeusi, yakingoja kwenye mstari. Jicho alikuwa ameliweka juu ya meza tu, mbele ya kila mtu. Akabonyeza. Gari jeupe likaruka. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akicheza kitu chochote, alishika rimoti ya pili na kupiga kelele kama mtu anayefukuza nyani kwenye mahindi.

Na mimi? Nilikuwa jikoni. Jumapili ile nyumba ilijaa watu wa kanisa waliokuja kumpa mjomba pole ya safari, na watu wa kanisa wanakunywa chai. Kila nilipochungulia mlangoni, mama alinigeuza kwa macho.

"Anko alisema ni yetu sisi wawili," nilimwambia.

"Na wageni nao ni wa nani? Peleka vikombe. Hiyo kitu haiendi mahali, utacheza kesho."

Kaka alicheza na baba, akacheza na mjomba, akacheza na mzee mmoja wa kanisa aliyeshika rimoti juu chini. Saa tisa mvua ikashuka, kama inavyoshuka kwetu karibu kila siku, na stima ikapotea nayo, kama kawaida. Mjomba akaondoka asubuhi iliyofuata kurudi kambini kwake kufanya mazoezi. Sikuwa nimegusa chochote.

Jumatatu asubuhi, kabla hatujaenda kuchuna chai, mama alipanga sebule. Hapa lazima nieleze juu ya vitambaa, na nitajaribu kueleza bila kupandwa na hasira. Mama alifuma vitambaa. Wamama wote wa ushirika wao walifuma, lakini mama yangu alikuwa na mkono mzito, alibana uzi mpaka kitambaa kikasimama chenyewe, halafu akakitia wanga na kukipiga pasi. Viti vilikuwa na vitambaa, migongo na mikono yake. Meza ilikuwa nacho. Redio ilikuwa nacho, saa ya ukutani ilikuwa na chake kidogo juu yake, televisheni ilikuwa na kikubwa chenye ncha inayoning'inia. Kitu kutoka Ulaya, tena zawadi ya ndugu yake, hakingekaa uchi nyumbani kwake. Akafungua sanduku la chini ya kitanda, akatoa kitambaa cheupe cha wageni, akaliweka jicho juu ya kabati la televisheni mahali pa heshima, akalifunika. Kitambaa kilishuka mbele yake mpaka chini, kikanyooka vizuri.

Wewe unayesoma umeshaelewa. Sisi hatukuelewa. Redio ilikuwa imeimba chini ya kitambaa chake tangu nizaliwe na haijawahi kulalamika. Kwetu kitambaa hakikuwa kitu kilichowekwa juu ya kitu kingine. Kilikuwa sehemu ya kile kitu, na hakuna mtu aliyekiona tena. Halafu kulikuwa na sheria. Mtu anayechuna chai vidole vyake hugeuka vyeusi kwa maji ya majani, na weusi ule hautoki kwa sabuni. Likizo nzima mikono yetu ilikuwa hivyo. Kushika kitambaa cha mama kwa mikono ile kulikuwa kosa la fimbo, na sisi wote wawili tulikuwa tumeshaonja hiyo fimbo. Kwa hiyo tuliishi sebuleni kwetu kama watu walio dukani, tukiangalia tu.

Siku yetu ilikuwa hivi. Asubuhi tunachuna, majani mawili na kichipukizi, vikapu mgongoni. Saa sita tunapeleka kwenye banda la kununulia chai, tunasubiri lori la kiwanda, karani anapima. Tukiwa na bahati tunafika nyumbani saa nane. Saa tisa mvua, na stima inakwenda na mvua. Ilikuwa nafasi ya saa moja, labda na robo, ambayo Mungu na kampuni ya stima walituachia.

Jumatatu tulifika tukihema. Kaka akawasha. Magari yakatokea. Akanipa rimoti moja, na nakumbuka ilivyokuwa nyepesi, nilidhani kitu cha maana kama kile kingekuwa kizito. Tukabonyeza. Hakuna. Tukabonyeza tena, tukasimama, tukakaribia mpaka pua zetu zikakaribia kioo. Magari yalisimama pale pale kwenye mstari, na muziki wake wa kitoto ukazunguka na kuzunguka.

"Umebonyeza vibaya," nikasema.

"Kuna njia ngapi ya kubonyeza?"

"Jana ilienda."

"Jana ilikuwa jana. Toa betri tuone."

Kosa ni la betri, tukakubaliana. Zilikuwa zile nyembamba kama kidole cha mtoto, ambazo hakuna duka la Kapkatet lililokuwa nazo wakati huo. Huko waliuza yale mabetri makubwa ya tochi na redio. Tukafanya kile kila mtu alifanya na betri zilizochoka. Jumanne tulizianika juu ya bati la zizi zipate jua. Kaka aliziuma kidogo kwa meno, moja moja, kwa ustadi, kama alivyomwona baba akifanya. Hakuna. Jumatano tukazibadilisha nafasi, za kushoto kulia. Hakuna. Nilikuwa nikienda shambani asubuhi nikihesabu siku kwa vidole vyangu vyeusi, nikirarua chai kwa hasira mpaka karani alinirudishia nusu ya kikapu akisema nimechuna majani mazee.

Alhamisi baba alikuwa na safari ya Kericho, akatuletea betri mpya ndani ya karatasi yake. Nilimbusu mkono, jambo ambalo halifanyiki kwetu, akanishangaa. Tukaziweka. Tukabonyeza. Magari yakatuangalia.

Sijui kama nimewahi kuchukia kitu kisicho na uhai kama nilivyoyachukia yale magari. Nilitamani yangekataa kabisa kutokea, kioo kiwe cheusi, mashine itoe moshi, tujue imekufa na tuizike. Lakini ilikuwa inatuita kila siku. Muziki ukicheza, maandishi yakiwaka na kuzima, tayari kabisa, ikitungoja sisi.

Jumamosi mama mwenyewe alichoka na nyuso zetu. Akamwita fundi wa umeme wa kiwandani, mtu wa kutoka upande wa ziwani aliyekuwa akipanga nyumba kwa jirani na kusali nasi kanisa moja. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, ovaroli imeloa grisi, bisibisi mfukoni. Akaizunguka sebule kama daktari.

"Mama, hii kitu yangu ya kazi ni mashine ya kukausha chai, kubwa kama hii nyumba yako," alisema. "Sasa hii toi itanishinda?" Kisha akaangalia mikono yake, halafu akaangalia kitambaa, na kwa adabu zake zote akasema, "Lakini kwanza nitolee hii kitambaa yako nzuri, nisije nikaichafua bure."

Mama akakitoa, akakikunja mara nne, akakishika kifuani muda wote. Fundi akachomoa jicho, akapuliza mahali pa kuchomeka, akalirudisha kwa nguvu mpaka plastiki ikalia kwak. Akachukua rimoti, akabonyeza. Gari jeupe likaruka.

Nilipiga kelele. Kaka alinirukia mgongoni.

"Kontakti," alisema fundi, akikaa kwenye kiti bila kuulizwa. "Ilikuwa imelegea. Hii vitu inataka kusukumwa kabisa, usiionee huruma. Wacha kwanza nijaribu kama imeshika."

Akajaribu. Akajaribu raundi moja, akajaribu mbili, akajaribu na kaka, akashindwa, akataka kurudia. Mimi nilisimama kando ya kiti chake nikiangalia dirishani, mawingu yakija kutoka upande wa msitu. Sikuthubutu kusema kitu kwa mtu mzima, lakini nilikuwa natafuna midomo. Mwishowe mama akamletea chai, naye fundi akaweka rimoti chini ili ashike kikombe, na mimi nikaidaka kabla haijatulia.

Kaka akakaa upande ule, mimi upande huu. Akanionyesha kidole cha kuendesha na kidole cha breki. "Gari yako ni hii nyeusi. Ikifika kona, usibonyeze, achilia." Kwenye kioo namba zikaanza kuhesabu: tatu, mbili, moja. Radi ikapiga. Kioo kikajikunja kuwa nukta moja nyeupe katikati, nukta ikafa.

"Aah, pole," alisema fundi, akipuliza chai yake.

Safari hiyo stima haikurudi jioni. Transfoma ya upande wetu ilikuwa imepigwa na radi, na tulikaa gizani mpaka Jumatatu mchana. Jumatatu asubuhi baba alikuwa ameshamtuma kaka Chebunyo, kwa shangazi yetu, kupeleka habari za sherehe, kwa sababu habari kama hiyo kijana huipeleka mwenyewe kwa miguu yake. Huko wakamweka siku tatu akila nyama. Nami nilibaki na mashine iliyotengenezwa, na sikuiwasha. Nilikuwa nimejiapiza kwamba mbio zangu za kwanza zitakuwa na yeye. Najua ni ujinga. Kama ningeiwasha siku mojawapo kati ya zile tatu, ningegundua kwamba imekufa tena, kwa sababu fundi alipoinuka tu kwenda zake mama aliliweka jicho pale pale juu ya kabati na kulivalisha tena kitambaa chake.

Kaka alirudi Alhamisi jioni. Alikuwa anaondoka Jumamosi alfajiri. Kwa hiyo tulikuwa na Ijumaa.

Ijumaa lori la chai lilichelewa. Lilikwama kwenye tope mahali fulani chini, na sisi tukakaa kwenye banda na vikapu vyetu, watu thelathini, majani yakianza kupata joto na kubadilika rangi. Huwezi kuacha chai haijapimwa ukaenda nyumbani. Kaka alikuwa anaongea na vijana wenzake wawili waliokuwa wanaingia naye, wakicheka kwa sauti nzito za kujitengenezea, na kila nilipomkaribia waliacha kuongea. Lori lilikuja saa nane na nusu. Tulikimbia njia nzima. Mbingu ilikuwa imeshakuwa ya rangi ya sufuria.

Akawasha. Magari yakatokea. Tukabonyeza.

Sitaeleza tena. Kaka alisukuma jicho kama fundi alivyosema, bila huruma, akilisukuma kutoka nyuma, kwenye waya, mkono wake ukipita mbali na kitambaa kwa uangalifu mkubwa. Akasukuma mpaka kabati likasogea. Akatoa betri, akazirudisha. Akainama, akaomba kwa sauti, "Baba uliye mbinguni, dakika kumi tu." Nje matone ya kwanza yakaanza kugonga bati.

Mimi nikaanza kulia, na nikilia huwa nakuwa mbaya. Nilimwambia ameiharibu yeye. Nilimwambia alicheza na kila mtu ile Jumapili, mpaka na mzee wa kanisa, na hakukumbuka kuniita hata mara moja. Alisema, "Si ulikuwa jikoni?" Nikasema, "Na wewe hukujua njia ya jikoni?" Halafu nikasema lile neno. Nilisema, "Hujui kitu. Enda tu huko menjo kwenu, hata usirudi."

Aliiweka rimoti juu ya mkono wa kiti, taratibu, ikiwa imenyooka. Alikuwa na uso ambao sikuuzoea. "Sawa," alisema. Mvua ikashuka kwa nguvu, stima ikaenda, na yeye akatoka nje kwenye mvua ile ile kwenda kumsaidia baba kufunga ng'ombe.

Jumamosi walipomchukua nilikuwa macho, nikisikia nyimbo za wanaume uani, na sikutoka. Nilijifunika blanketi mpaka kichwani. Nilijiambia bado nina hasira. Ukweli ni kwamba niliona haya, na nikiwa na haya huwa najifanya nina hasira, tabia ambayo haijaniacha mpaka leo.

Wiki mbili baadaye, karibu na Krismasi, mama alivua vitambaa vyote kwa mkupuo kuvifua. Nilirudi kutoka shambani nikakuta sebule imebaki mbao na vumbi, kama nyumba ya watu wanaohama. Niliwasha mashine. Sikuwa na tumaini. Nadhani nilitaka tu kuona tena jinsi inavyonikataa, ili nijihesabie haki. Nikabonyeza kwa mkono mmoja, nimesimama. Gari jeupe likaondoka.

Nikabonyeza tena, likaondoka tena. Nikageuka nikaangalia chumba, nikaangalia kabati, nikaliona jicho limekaa pale juu, uchi, likiniangalia. Nikavua leso yangu ya kichwani nikalifunika. Gari likafa. Nikalifunua, likaenda. Nikafanya hivyo mara nne.

Mama alikuwa uani akikamua vitambaa. Nilimwendea na rimoti mkononi.

"Ni kitambaa," nikasema. "Wakati wote ni kitambaa chako."

Ilinichukua muda kumwelewesha. Alipoelewa, alikaa kwenye jiwe la kufulia, mikono imejaa povu. "Sasa mimi ningejua aje?" alisema. "Redio haijawahi sumbua." Kisha, kwa sauti ya chini, "Na mtoto wa watu akaenda akijua ameharibu kitu ya mjomba wake."

Kwa hilo nilimsamehe mama palepale, lakini halikunipa nafuu. Nilimtafuta baba kwenye chai, nikamwomba anipelekee ujumbe menjo, kwa kuwa yeye aliweza kufika huko na mimi sikuweza hata kukaribia njia yake. Nilitaka amwambie haikuwa yeye. Baba aliacha kuchuna, akaniangalia kwa huruma, kitu ambacho kilinitisha kuliko kama angenifokea.

"Huko sipeleki maneno ya gemu," alisema. "Akitoka utamwambia mwenyewe."

Nilicheza siku moja peke yangu, bila kitambaa. Mashine haikujua kwamba mtu wa pili hayupo. Gari langu jeusi lilizunguka raundi zake zote, kona kwa kona, nikiachilia kama alivyonifunza, na kila nilipopita mstari nililikuta lile jeupe limesimama pale, likingoja mtu alibonyeze. Nikashinda. Niliizima, nikairudisha kwenye sanduku lake na kile kijitabu cha Kijerumani, na nikaanza kuhesabu siku upya. Sentensi yangu ilikuwa tayari. Niliipanga kila asubuhi nikichuna: kwanza nitasema haikuwa wewe, halafu nitasema lile neno sikulimaanisha, halafu nitamwambia njoo.

Walitoka mwanzoni mwa Januari. Ua wetu ulijaa watu, mashangazi kutoka Chebunyo, maziwa, nyimbo. Alikuja pamoja na wenzake, amekuwa mrefu, au pengine alikuwa anasimama tofauti. Hakuingia nyumbani kwa mama. Alikuwa ametengewa kibanda chake upande wa juu wa zizi, na hapo ndipo vitu vyake vilikuwa vimepelekwa. Aliwasalimu wazee kwa zamu, mkono kwa mkono, na wao wakamjibu kama mwenzao.

Kisha wakatuita sisi watoto. Kwetu mtu mzima hampi mtoto mkono. Mtoto husogea, huinamisha kichwa, na mtu mzima huweka kiganja chake juu ya utosi wake. Hiyo ndiyo salamu. Nilikuwa nimesalimiwa hivyo na kila mtu mzima wa Bureti, eneo letu, na sikuwahi kufikiria neno juu yake. Tulipangwa mstari, watoto wa majirani na mimi, na mimi nilijisogeza mbele niwe wa kwanza, kwa sababu nilikuwa na kitu cha kusema.

Alisimama mbele yangu. Nilikuwa nimeinua uso, mdomo umefunguka kabisa. Shangazi mmoja nyuma yangu akanibonyeza shingo kidogo, kunikumbusha, na nikainamisha kichwa. Kiganja cha kaka yangu kilitua juu ya nywele zangu, kikavu, chepesi, kwa muda ule ule anaopewa mtoto yeyote, na kikaondoka. Nilipoinua uso alikuwa ameshafika kwa mtoto wa jirani.